Jirani wa Mpaka

Siku hizi watu wananiuliza habari za kuwa na nyumba mlimani. Wamepita Katesh kwa basi, wameuona Hanang umejifunika wingu, wamepiga picha dirishani, na kabla hawajafika Singida wameshajijengea kijumba kichwani, chenye kibaraza na kikombe cha kahawa. Wakisikia mimi nina nyumba juu ya Endasak wananipigia simu. Mwalimu, tupe ushauri. Nawapa. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kutoa ushauri usiofuatwa ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Nawaambia waanze na bati. Upepo wa mwezi wa saba huku haubishi hodi, na fundi atakayekwambia misumari ya kawaida inatosha ni fundi ambaye usiku analala kwake. Tafuta misumari yenye mipira. Kisha chimba mtaro upande wa juu wa kiwanja kabla hujachimba msingi, kwa sababu maji ya mlimani yanashuka yakitafuta njia, na yakikuta sebule yako yatapita sebuleni. Weka gata na tenki, usitegemee bomba la kijiji. Milingoti, hiyo mikaratusi inayonyonya maji, ipande mbali na chemchemi, la sivyo majirani watakuchukia kimya kimya, na chuki ya kimya ya huku hudumu. Jiko la mkaa lisilale chumbani kwako hata meno yakigongana. Godoro litoe juani kila jua linapojitokeza, maana ukungu unaingia hadi kwenye pamba. Mlango uupe upepo mgongo. Wangu unaangalia nyumba ya jirani, kwa sababu upande ule ndio pekee usiokuwa na upepo.

Hayo wanayaandika. Nikifika kwenye habari za jirani wanaacha kuandika, wanasema ahaa, sawa mwalimu, tutakuja siku moja tukutembelee. Na hapo ndipo ushauri wenyewe ulipo.

Kiwanja cha kijijini hakiuzwi na mtu mmoja. Ukitaka kununua au kuuza, mwenyekiti wa kijiji anakuja, na majirani wote mnaopakana nao wanakuja, wanasimama juu ya mpaka na kusema kwa mdomo wao kwamba ndiyo, mpaka ni huu na hatuna neno. Akikosekana mmoja, hakuna biashara. Nililijua hilo tangu siku niliyonunua. Nilidhani ni mambo ya kuzuia watu wasiibiane ardhi.

Kwetu ni Mbinga, Ruvuma. Nililetwa huku na kazi nikiwa bado binti, nikafundisha shule mbalimbali za wilaya hii hadi nikastaafu, na katikati ya hapo nikajenga, kwa sababu nyumba ya shule ilikuwa inavuja na nilichoka kulala nikihamisha kitanda. Sikuwahi kukusudia kufia hapa. Nilipostaafu nilikuwa na jambo moja tu, kuuza nyumba na kurudi kwa mama. Mama ana presha ya macho. Daktari alimwambia mdogo wangu, anayeishi naye, kwamba macho yale yanapungua na hayatarudi. Mama mwenyewe aliniambia kwenye simu, bila kulia, kama mtu anayeagiza chumvi: "Njoo ningali naona, nikuone umezeekaje."

Utasema, si ungepanda basi uende ukamwone, kisha urudi kuuza. Kila mtu anasema hivyo. Mimi nilitaka kuondoka mara moja, na mizigo yangu yote, nisigeuke nyuma. Isitoshe, mnunuzi nilikuwa nimeshampata, mfanyabiashara wa maharage kutoka Babati, na tulishakubaliana siku ya kuja kusimama mpakani. Nilishaanza kufunga vyombo kwenye maboksi.

Mvua za mwanzo zikaanza. Mchana mmoja, mvua ikiwa imekaza, nikasikia watu wanapiga kelele njiani. Wanaume wanne walikuwa wanamshusha binti kwenye machela ya magunia, mke wa mkulima mmoja wa kule juu, mimba yake ya kwanza. Pikipiki ilikuwa inawangoja chini barabarani kwa sababu njia ya kwetu mvua ikinyesha haipandiki. Wanawake waliofuata wakasema hatutafika. Nyumba ya kwanza kutoka pale ilikuwa yangu. Nilifungua mlango, nikasukuma meza ukutani, nikatandika mkeka.

Mtoto alizaliwa sebuleni kwangu na hakulia. Wanawake walimgeuza, wakampulizia, wakampangusa, kisha wakaacha. Nilitoa kitenge changu kipya wakamfunga nacho. Mvua ilipopungua walimpeleka mama yake Katesh hospitali, na nashukuru alipona. Mimi nilibaki nikasafisha sakafu, nikakaa kwenye boksi la vyombo nikalia. Nilijiona nimefanya jambo la utu. Na nisikufiche, nilitegemea kesho yake mtu aje aniambie ahsante.

Hakuja mtu. Mama anayeniletea maziwa aliweka chupa juu ya jiwe njiani na kuondoka bila kuita. Wanawake wa kuteka maji, ambao siku zote hupita ubavuni mwa nyumba yangu wakicheka, walianza kuzungukia upande wa miiba. Niliwasalimia wakaitikia vizuri, kwa adabu zote, lakini kwa mbali, wakiwa wanatembea.

Siku ya kusimama mpakani ikafika. Nilipika chai ya watu wengi. Mnunuzi alikuja na pikipiki, na dereva akasimama kule kwenye kona ambapo njia yangu inaanza. Niliwaona wakizungumza. Kisha simu yangu ikalia.

"Mwalimu, nimepata dharura," mnunuzi akasema.

"Nakuona," nikamwambia.

"Ndiyo, hata mimi nakuona, shikamoo. Lakini ni dharura."

Pikipiki ikageuka. Chai ile niliinywa peke yangu mpaka jioni, kwa hasira, hadi tumbo likauma.

Jumapili nikaenda kanisani. Benchi nililokaa likaanza kuwa refu. Hakuna aliyehama kwa fujo. Mmoja alikumbuka mtoto wake yuko mbele, mwingine alitaka kukaa karibu na dirisha. Padre alipotuambia tutakiane amani, watu waliokuwa karibu nami waliinamisha vichwa, wakatabasamu, na mikono yao ikabaki mifukoni na kwenye kanga. Nilisimama na mkono wangu umenyooka. Nimeishi na watu hawa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nimewafundisha kusoma na watoto wao nikawafundisha, na sasa wananiangalia kama mtu aliyeua. Ndivyo nilivyoelewa. Nilidhani wanasema mwalimu wa kuja alimfanyia kitu mtoto wa watu.

Nikatoka kanisani moja kwa moja hadi kwa jirani yangu wa mpaka, ili nikajisafishe jina. Huyu ni bibi, mjane, amenizidi miaka mingi, anaishi peke yake na ng'ombe wake wawili katika nyumba ambayo mlango wangu unaitazama. Kati yetu kulikuwa na ua wa minyaa uliopandwa na marehemu mumewe. Hatukuwa marafiki wa kusema. Tulikuwa tukisalimiana, tukikopeshana chumvi, na mimi nilikuwa nikimlalamikia kuhusu ng'ombe kula migomba yangu, naye akinijibu kwamba migomba haipendi baridi ya huku hata hivyo. Lakini alikuwa mtu mzima na mtu wa haki, na nilijua ataniambia ukweli.

Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Niliinama nikampa mkono. "Shikamoo bibi."

Aliutazama mkono wangu kwa muda. Nilidhani macho yake yamechoka, kama ya mama. Kisha akaweka ungo chini, akaupokea kwa mikono yake yote miwili.

"Marahaba mwalimu. Pita ndani."

Nikapita. Akanipa maziwa ya mgando kwenye kikombe chake, akasonga ugali, tukala sahani moja. Nilimweleza yote, nikamwuliza kosa langu ni nini. Akatafuna, akameza. "Huna kosa," akasema. "Umeshakula sasa. Kula ushibe."

Kesho yake dereva wa pikipiki, yule yule, alisimama kwenye kona akaniita kwa sauti ile anayoitia abiria stendi Katesh. "Mwalimu, ni kweli jana uliingia kwa bibi?"

"Niliingia, kwani kuna ubaya?"

"Ulimshika mkono?"

"Ndiyo."

Alishika kichwa. Halafu akanieleza, kwa makelele, mlima mzima ukisikia, jambo ambalo nimeishi miaka yote hiyo kando yake bila kulijua kwa sababu halikuwahi kunihusu. Wairaqw, wenyeji wa huku, wana mwiko wa zamani wanaouita metimani. Mtoto akizaliwa mfu, au kifo cha namna fulani kikiingia nyumbani, nyumba hiyo inakaa kando. Watu wake hawaingii kwa wengine, hawashiki mkono, hawali sahani moja na mtu, hawatumii njia ya watu wala kuchanganya mifugo, mpaka wazee waseme yamekwisha. Si adhabu, alisema, wala hakuna anayekulaumu, ni kuwakinga wengine wasipatwe. Wengi siku hizi wameacha, hasa vijana na waliosoma. Upande wetu wa mlima hawakuacha. Na kifo kile kilitokea sebuleni kwangu.

"Wewe si mlokole?" nikamwuliza.

"Mimi nimeokoka, mwalimu. Ila mama yangu hajaokoka, na naishi kwake."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Wewe ni mwalimu wetu," akasema. "Tulidhani unajua."

Na bibi je? Bibi, kwa sababu ya mkono ule na sahani ile, alikuwa ameingia pamoja nami. Jumamosi iliyofuata alikuwa aende Nangwa kwenye harusi ya mjukuu wake, harusi aliyoizungumzia tangu mavuno, gauni la kitenge limeshashonwa na kuning'inizwa ukutani. Hakwenda. Mwanawe alikuja kumchukua, akasimama njiani chini ya mlingoti, mtu mzima mwenye mvi, akimlilia mama yake. Nilikuwa uani kwangu nikasikia kila neno.

"Mama, ulijua. Kwa nini ulishika mkono wake?"

"Alinisalimia," bibi akasema.

Akamwagiza mwanawe amnunulie bi harusi mbuzi kwa niaba yake, akarudi ndani.

Baadaye mzee mmoja, wa wale wanaosikilizwa, alikuja akasimama palepale chini ya mlingoti na kutupa muda wetu. Mpaka mahindi yavunwe. Akasema tumeingia pamoja, tutatoka pamoja. Mmoja akivunja, mwingine naye hatoki. Padre aliposikia alikemea kanisani, akasema mambo hayo yamepitwa na wakati, na nilisimuliwa kwamba watu waliitikia amina kwa sauti kubwa wakaendelea kukaa mbali.

Nilikasirika namna ambayo sijawahi kukasirika. Mwilini nilikuwa huru. Hakuna polisi, hakuna kufuli, barabara ile pale chini naiona, basi la Dodoma nalisikia likipiga honi alfajiri. Ningeweza kushuka na begi langu nikapanda, na abiria wenzangu wasingejua lolote. Mdogo wangu aliniambia hivyo hivyo kwenye simu. "Dada, umesoma wewe. Panda gari." Nilimjibu vibaya, kwa sababu alikuwa amesema nilichokuwa nakifikiri.

Maboksi yakabaki sebuleni yamefungwa. Nilichohitaji nilikuwa nakichomoa, sufuria leo, blanketi kesho.

Kwa kuwa njia ya chini ni ya watu wote, mimi na bibi hatukuwa na ruhusa ya kuipita. Asubuhi moja nikasikia panga. Bibi alikuwa anaukata ua wa minyaa, ule wa marehemu mumewe, utomvu ukimrukia na amefunga kanga usoni usimwingie machoni. Alikata mwanya wa kupita mtu mmoja. Akachungulia upande wa pili akaniambia maji ya tenki langu ni mengi, na yeye ana ng'ombe. Kuanzia hapo tuliishi kwa mwanya ule. Yeye akija kuchota maji, mimi nikienda kuchukua maziwa. Tulipanda maharage na mahindi pamoja shamba lake na langu, kwa sababu hakuna ambaye angekuja kutusaidia, na mimi, niliyekuwa nikiweka vibarua, nikajifunza kulima nikiwa na magoti ya mstaafu.

Usidhani nakwambia habari za mapenzi ya majirani. Bibi alinichosha. Anavuta ugoro na kupiga chafya hadi bati linaitikia. Anaamka kabla ya jogoo na kubisha dirisha langu kuuliza kama nimekufa. Anazungumza na ng'ombe kwa heshima kuliko anavyozungumza na mimi. Ukungu ukishuka huku unaweza kukaa siku nyingi huoni hata choo chako, na katika siku hizo hakukuwa na sauti nyingine duniani isipokuwa ya bibi akinisimulia mumewe alivyokuwa mkaidi. Nilikuwa nakaa kwenye kiti nimetazama mlango, na mlango unatazama kwake. Ndiyo maana nawaambia watu wafikirie vizuri mlango unaelekea wapi.

Katikati ya masika mdogo wangu akapiga. Mama ameanza kupapasa ukuta. Juzi alimimina chai nje ya kikombe. Bado anaona vivuli, na mchana akikaa nje anatambua nguo nyeupe. "Anauliza unakuja lini," akasema, "nami sijui nimwambie nini, maana huu mwiko wenu hauelezeki."

Asubuhi yake nilijaza begi, nikavaa gauni jeupe, nikatoka kabla mlima haujaamka. Njia ilikuwa tope tupu. Nilifika kwenye kona, na bibi alikuwa amesimama upande wake wa ua, fimbo mkononi, kama mtu aliyetoka kuangalia ng'ombe. Alitazama begi. Nikamwambia, "Bibi, ni mama."

"Macho?"

"Yanakwisha."

Hakuniambia nisiende. Hakunikumbusha maneno ya mzee, wala harusi, wala kwamba nikiondoka yeye atabaki ndani ya ule ua mpaka mwisho wa uhai wake, kwa sababu atakuwa hana wa kutoka naye. "Basi ukifika msalimie," akasema. "Mwambie jirani anamsalimia."

Akageuka kurudi, na nikaona gauni alilovaa. Lilikuwa lile la harusi, limeshaanza kuchakaa pindoni. Alikuwa analivaa kwenye zizi.

Nilisikia basi linapiga honi chini. Nikasimama mpaka likapita. Kisha nikarudi nyumbani nikavua lile gauni jeupe na kuliweka chini kabisa ya boksi. Nilimlaani bibi, nikamlaani mzee, nikalilaani na bati langu.

Mahindi yakakomaa. Wazee walikuja, tukanyolewa nywele, pombe ikanywewa, na mzee yule akasema yamekwisha. Saa ile ile, kama mtu aliyewasha swichi, watu wakaanza kuingia uani kwangu. Yule aliyenihama kwenye benchi alinikumbatia kwa nguvu. "Mwalimu umepotea sana," akaniambia, bila aibu yoyote, na nikaona kwamba kwake yeye ni kweli, nilikuwa nimepotea na sasa nimepatikana. Mama wa yule mtoto alikuja pia, naye muda wake ulikuwa umekwisha, akaniletea kitenge kipya mahali pa kile cha kwanza. Ahsante niliyoingoja ikaja siku hiyo yote kwa mpigo, na nilikuwa sina tena hamu nayo.

Nikampigia mnunuzi. Dharura yake ilikuwa imekwisha. Alikuja, mwenyekiti akaja, jirani wa juu akaja, jirani wa upande wa korongo akaja. Tulizunguka kiwanja. Kila tulipofika mwenyekiti aliuliza, mtu akajibu ndiyo, tukasogea. Tukafika kwenye ua wa minyaa. Bibi alikuwa ametangulia, amesimama pale kwenye mwanya, nywele zimeanza kuota kidogo, nyeupe.

"Bibi shikamoo. Mpaka wako na mwalimu ni huu?"

"Marahaba. Upi?"

"Huu ua."

Bibi alitazama chini. Pale kwenye mwanya majani yalikuwa yamekufa kwa kukanyagwa, njia nyeupe inayotoka mlangoni kwake hadi mlangoni kwangu. "Mimi hapa napita kila siku," akasema. "Sijaona mpaka."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akacheka, akarudia swali kwa upole, akidhani ni uzee. Bibi akarudia jibu. Mwenyekiti akaacha kucheka. Alimweleza kwamba mwalimu anataka kwenda kwao, mama yake haoni, ni jambo la huruma. Bibi akasema anajua, alishanipa salamu. "Aende," akasema. "Simzuii mtu kwenda kwa mama yake. Lakini nyumba siisimamii. Akiuza hatarudi."

Kisha akaniangalia mimi, si wao. "Mkono wangu nilikupa mara moja, mwalimu. Mara ya pili siutoi."

Mnunuzi alisubiri kidogo, akatazama saa, akaondoka. Ningeweza kwenda baraza la ardhi, mwenyekiti alinishauri hivyo, akasema bibi hana hoja na nitashinda. Sijakwenda. Lakini siku ile sikuwa na uungwana wowote. Niliburuta matawi ya miiba nikaziba ule mwanya. Nikaacha kumsalimia. Akibisha dirisha alfajiri nilikaa kimya mpaka aondoke. Chupa ya maziwa aliniwekea juu ya jiwe njiani.

Nilikuwa bado nimenuna hivyo wakati mdogo wangu alipopiga kusema mama haoni tena, hata nguo nyeupe.

Nilipanda basi kesho yake. Funguo nilimwachia bibi, kwa sababu nyumba ya mlimani haiachwi bila mtu wa kuwasha moto ndani, na hakuna mwingine ambaye mlango wangu unamwangalia. Nilizipitisha juu ya miiba. Alizipokea, akasema safari njema.

Mama alinipapasa uso wote, polepole, kuanzia kichwani, ambako nywele zilikuwa ndio kwanza zinaota. Akafika mikononi akakaa hapo. "Mikono imekuwa migumu," akasema. "Unalima?"

"Nililima, mama."

"Na nywele?"

Nikamweleza. Tulikaa kibarazani siku nzima, na alipochoka na habari za mwiko akasema, "Basi nieleze hiyo nyumba. Nataka kuijua nyumba iliyokukalisha." Nikaanza na bati. Nikamweleza misumari yenye mipira, mtaro wa juu, tenki, milingoti, ukungu unavyoingia kwenye godoro. Yote ninayowaambia watu wanaopiga simu nilimwambia yeye kwanza, na yeye alisikiliza mpaka mwisho.

"Mlango unaelekea wapi?" akauliza.

"Kwa jirani. Bibi mmoja. Anakusalimia."

"Yeye anaona?"

"Anaona vizuri sana."

Mkono wangu alikuwa bado ameushika. "Mwambie ahsante kwa kukuangalia," akasema. "Na mimi nilitaka."

Nilirudi mlimani kwa sababu nyumba ingalipo, na nitashuka tena, na nitapanda tena, nyumba ikiwa huku na mama kule, sioni mwisho wake. Nilikuta miiba imeondolewa na moto unawaka ndani. Bibi aliuliza mama amesemaje. Nikamwambia amesema ahsante. Yale mengine sijamwambia.